Kabla Hujamtesa Mhusika Wako: Ushauri kwa Wanaoanza Kuandika Hadithi za Kisayansi

Hadithi yangu ya kwanza ya kisayansi kusomwa na mtu asiyekuwa rafiki yangu ilikuwa na chumba cha mahojiano ndani ya chombo cha angani, nahodha wa kike aliyetekwa, na mashine inayong'aa yenye sindano sita. Mtesaji alibonyeza kitufe, nahodha akapiga mayowe kwa muda wa kurasa 2, kisha akataja sayari walikojificha waasi wenzake. Mhariri aliyeupokea muswada huo aliurudisha akiwa ameandika swali moja tu kwa penseli pembeni mwa ukurasa: "Mtesaji amejuaje kwamba hakudanganywa?" Niliudhika wiki nzima. Kila nilipojaribu kutunga jibu niligundua kwamba kurasa 40 zilizofuata, zenye vita na ukombozi, zilikuwa zimejengwa juu ya jambo ambalo sikuwahi kulifikiria hata dakika moja.

Tangu wakati huo nimesoma miswada mingi ya wanaoanza, na kosa langu nimelikuta humo likiwa limevaa nguo tofauti. Mwandishi anataka siri itoke kichwani mwa mhusika mmoja ifike kwa mwingine, naye huyaona mateso kuwa njia ya mkato. Mashine ikiwa ya ajabu kiasi cha kutosha, hudhani msomaji hatauliza kitu. Msomaji huuliza, tena msomaji wa hadithi za kisayansi ndiye mwenye udadisi kuliko wote, kwa kuwa alikuja kwako akitaka kuona ulimwengu unaofuata kanuni zake.

Swali la yule mhariri ni la zamani. Mwaka 1764 Mtaliano Cesare Beccaria, akiandika dhidi ya mateso mahakamani, alieleza kwamba njia hiyo humwachilia mhalifu mwenye mwili imara na kumhukumu asiye na hatia aliye dhaifu, kwa sababu kinachopimwa ni misuli na mishipa, wala si ukweli. Karne mbili na nusu baadaye, Desemba 2014, Kamati ya Ujasusi ya Seneti ya Marekani ilitoa muhtasari wa ripoti yake kuhusu mahojiano yaliyoendeshwa na CIA, shirika la ujasusi la nchi hiyo, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ikahitimisha kwamba mbinu zile kali hazikuwa njia yenye tija ya kupata habari na kwamba baadhi ya wafungwa walitunga mambo. Sababu zake si fumbo. Mtu aliyenyimwa usingizi kwa siku kadhaa huchanganya alichokiona na alichoambiwa. Mtu aliye katika maumivu husema lolote analohisi litayakomesha. Naye anayeuliza, akiwa hajui jibu, hawezi kuutenga ukweli na uongo bila kutafuta ushahidi kwingine.

Hapa ndipo ulimwengu wa kisayansi unapokuwekea mtego. Amua mapema kama ulimwengu wako una chombo au kiumbe kinachoweza kusoma mawazo. Kikiwepo, hakuna haja ya kumtesa mtu ili aseme, maana siri yake imeshasomwa kabla hajafungua kinywa. Kisipokuwepo, mashine yako ya sindano sita haina tofauti yoyote ya maana na kamba na kuni za karne zilizopita, hata ukiipamba kwa taa za buluu. Nimewahi kusoma muswada ambao katika sura ya tatu mhusika mmoja anasoma mawazo ya umati mzima sokoni, halafu katika sura ya tisa wenzake wanamchoma mateka kwa umeme usiku kucha ili awape nambari ya mlango. Nilipomuuliza mwandishi yule msoma mawazo alikuwa wapi usiku huo, alinijibu kwamba alikuwa amechoka. Hilo si jibu; ni mwandishi ndiye aliyechoka.

Mateso yasiponunua ukweli, basi yanatafuta nini? Hili ndilo swali ambalo ningependa ulibandike juu ya meza yako, kwa sababu ndilo linalozaa hadithi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso, uliopitishwa mwaka 1984, unataja katika kifungu chake cha kwanza malengo kadhaa: kupata habari au ungamo, kuadhibu, kutisha au kulazimisha, na ubaguzi wa aina yoyote. Wengi wetu huchukua lile la mwanzo na kuyaacha mengine, ilhali kazi zilizodumu zimeota mizizi katika hayo mengine.

Tazama filamu mbili za Star Wars. Katika ile ya 1977, roboti yenye sindano inaingia katika seli ya binti mfalme Leia, mateka anayetakiwa kutaja maficho ya waasi wenzake, na mlango unafungwa mbele ya macho yetu. Mashine inashindwa. Anatishiwa kwamba sayari yake ya nyumbani italipuliwa, naye anataja mahali ambapo waasi wameshahama. Sayari inalipuliwa vilevile. Mateso hayakuzaa kitu, na tishio nalo limezaa uongo. Katika ile ya 1980, Han Solo, mwenzake Leia, anarudishwa seli akiwa hoi, akisema kwamba hawakumuuliza hata swali moja. Hawakuwa na la kumuuliza. Katika ulimwengu ule rafiki aweza kuhisi maumivu ya rafiki akiwa mbali sana, kwa hiyo mayowe ya Solo ni chambo cha kumleta rafiki yake Luke mtegoni. Ninaupenda mfano huu kuliko yote kwa sababu mateso yale yasingekuwa na maana hiyo katika ulimwengu wetu. Kanuni ya ulimwengu wa kubuni ndiyo iliyoyapa kazi mpya. Mwandishi anayeanza akijifunza jambo hilo moja tu, amepata mtaji.

Mfano mwingine ni wa George Orwell katika riwaya yake ya 1949 kuhusu mwaka 1984. O'Brien, ofisa wa utawala anayetesa, hahitaji habari yoyote kutoka kwa mfungwa wake Winston. Anataka Winston avione vidole vinne na kuviona kweli kuwa vitano. Mwaka 1992 mfululizo wa Star Trek ulilichukua wazo hilo na kulipeleka angani: Nahodha Picard anatakiwa kwanza kutoa mipango ya ulinzi, lakini kadiri saa zinavyopita yule anayemtesa, Madred, anazidi kung'ang'ania jambo lisilo na faida yoyote ya kivita, yaani Picard akiri kwamba taa zilizo mbele yake ni tano. Ni nne. Ona jinsi lengo lilivyoteleza kutoka habari hadi utii bila mtu yeyote kutangaza. Katikati ya yote hayo binti mdogo wa Madred anaingia chumbani kuzungumza na baba yake, na baba anamjibu kwa upole wa baba yeyote. Kwangu mimi, dakika hiyo inatisha kuliko kifaa cha maumivu.

Kuhusu vifaa, ushauri wangu ni kwamba uache kuvibuni mpaka uwe umezunguka chombo chako chote na kuona kilichomo. Aishiye angani anategemea mashine kwa kila pumzi, kila kiwango cha joto, kila saa ya mwanga na giza. Mwenye kushika swichi hizo tayari ana mamlaka ambayo hakuna mfalme wa zamani aliyekuwa nayo. Wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga wamelalamikia maumivu ya kichwa pale kaboni dayoksaidi ilipopanda hewani, na hao ni watu wenye afya njema walio miongoni mwa wenzao. Nilipoiandika upya hadithi yangu niliitupa mashine ya sindano. Chumba kikabaki na tundu la hewa ukutani, lenye ukubwa wa sahani, na utepe mwembamba wa kitambaa uliofungwa kwenye wavu wake ili fundi apitaye aone kama feni inazunguka. Utepe unapepea. Mhoji anaingia, anaketi, anauliza jambo dogo lisilo na siri, labda jina la mama yake nahodha, anashukuru kwa jibu, anatoka. Baada ya muda utepe unashuka polepole na kulala ukutani. Nahodha anautazama. Hakuna damu, hakuna mayowe, na ukurasa mmoja ulitosha.

Muswada ulirudi tena kwa mhariri yuleyule, naye akauliza swali jingine kwa penseli ileile: "Nani alizima feni?" Nilikuwa nimeandika kana kwamba feni ilijizima. Swali hilo lilinifungulia nusu ya pili ya hadithi, kwa maana feni ya chombo kikubwa haizimwi na mtu mmoja mwovu mwenye kovu usoni. Inazimwa na fundi wa zamu aliyepewa fomu, fomu imesainiwa na ofisa wa matengenezo, na daktari ameandika ni dakika ngapi mtu aweza kuvumilia. Kila mmoja wao anaamini kwamba uamuzi ni wa mwingine. Wape watu hao majina na uchovu wao, na angalau mmoja awe na mashaka ambayo hayatoshi kumfanya akatae. Mtesaji anayecheka gizani ni rahisi kumwandika, na ni rahisi zaidi kumsahau.

Kuna maswali ambayo ni ya hadithi za kisayansi peke yake, nayo yanahitaji uangalifu. Ukiwa na roboti anayelia kwa maumivu, sharti ujue ni nani aliyempa uwezo wa kuumia na kwa faida gani, kwa kuwa mtengenezaji hakulazimika kuuweka. Ukiwa na nakala ya akili ya mtu ndani ya kompyuta, inayoweza kuishi karne nzima ya upweke wakati mhoji anakunywa chai, jiulize sheria ya ulimwengu wako inaiita nini nakala hiyo: mtu, mali, au kumbukumbu? Ule Mkataba wa 1984 unazungumzia maumivu yanayosababishwa na mtumishi wa umma, au kwa idhini yake, na unasema kwamba vita wala hali ya hatari haviwezi kuwa kisingizio. Hebu fikiria kituo kinachomilikiwa na kampuni, mahali pasipo na mtumishi wa umma hata mmoja, ambapo asiyelipa deni hupunguziwa oksijeni kulingana na mkataba wa ajira alioutia saini mwenyewe. Mwanasheria wa kampuni ataapa kwamba hakuna aliyeteswa. Hapo una riwaya nzima, na hujamwaga hata tone la damu. Chagua swali moja kati ya haya ulifuatilie mpaka mwisho. Anayeyabeba yote kwa mara moja huishia kuandika hotuba.

Kuhusu kiasi cha kuonyesha, wanaoanza hukosea pande zote mbili, ingawa upande wa kuzidisha ndio wenye watu wengi. Waswahili husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na methali hiyo ni onyo zuri kwa mwandishi, kwamba maumivu ya mwingine hayasimuliki kwa kurundika vivumishi. Msomi wa Marekani Elaine Scarry alieleza mwaka 1985 kwamba maumivu makali huivunja lugha yenyewe na kumrudisha mtu kwenye sauti zilizotangulia maneno. Kwa hiyo mhusika anayeteswa huku akitoa sentensi ndefu zenye mantiki amekwisha kumwambia msomaji kwamba hateswi. Punguza maneno yake. Acha aanze sentensi asiimalize, akosee jina analolijua, ashikilie kitu kimoja kidogo machoni pake, na usisite kufunga mlango na kutuacha nje pamoja na yule mlinzi anayehesabu dakika. Ukijikuta unafurahia kubuni jeraha jipya, ondoka mezani, urudi kesho.

Lililobaki ndilo linalosahauliwa zaidi. Tumezoea kumlaza majeruhi kwenye kitanda cha tiba, taa ikapita juu ya mwili wake, na katika sura inayofuata yuko kwenye usukani akitania wenzake. Teknolojia yako iruhusu ngozi ipone kwa saa moja, ukipenda, lakini usiiruhusu ifute kilichotokea, isipokuwa kama kufutwa huko ndiko hadithi yenyewe. Picard anapotolewa katika kile chumba anapaza sauti kwamba taa ni nne, na mtazamaji anashangilia. Baadaye, akiwa ameketi na mshauri wa chombo, anakiri kwa sauti ya chini kwamba alikuwa tayari kusema chochote na kwamba mwishoni aliamini anaziona tano. Kipindi kingeweza kuishia kwenye ushindi. Waandishi wakaamua kutupeleka kwenye kiti kile.

Waliopitia mambo haya katika maisha halisi hupoteza usingizi, hushtushwa na sauti ndogo, huacha kuwaamini hata wanaowapenda, na mara nyingi huona haya kwa jambo ambalo hawakulitenda. Mpe mhusika wako mojawapo ya hayo, si yote, na lichipue kutoka katika chumba ulichokijenga. Nahodha wangu, katika toleo lililochapishwa, alikuwa ametaja ile sayari kwa usahihi tangu siku ya kwanza, lakini hakuna aliyemwamini, na feni iliendelea kuzimwa kwa siku 11 zaidi. Waasi wenzake walipata muda wa kuhama na wakamwita shujaa. Hajawahi kuwaambia. Usiku anahamisha godoro lake sakafuni, chini ya tundu la hewa, na hulala akiwa ameshika ncha ya utepe kati ya vidole viwili.