Mtoto akiepushwa na mahakama, anarudi kuiba au harudi?

Ndugu uliyeuliza, swali lako nimelielewa hivi: vijana wanne wa shehia yenu huko Pemba, wa miaka 13 hadi 16, wamekamatwa na karafuu za mtu. Wazee wamegawanyika. Wengine wanataka kesi iende mbele, wengine wanataka ichepushwe, yaani itolewe mkondo wa mahakama wapewe afisa ustawi wa jamii na mpango wa marekebisho ya tabia. Nawe unauliza kama mipango hii inapunguza kurudia makosa au ni kubembelezana tu.

Inapunguza, kwa kiasi. Lakini sehemu kubwa ya faida inatoka kwenye kile mtoto anachoepushwa nacho kuliko kile anachopewa. Anayelisahau hilo huishia kuwa na mpango mkubwa, wenye ripoti nzuri, usiobadili kitu.

Ushahidi wenye nguvu ni ule wa majaribio ambamo nani apelekwe mbele na nani aachwe iliamuliwa kwa kura, yaani bahati nasibu, au kwa njia inayokaribia kura. Mtafiti Petrosino na wenzake walikusanya majaribio 29 ya namna hiyo mwaka 2010, vijana 7,304. Kuwapitisha kwenye mfumo wa sheria hakukupunguza makosa yao ya baadaye, kulielekea kuyaongeza. Wilson na Hoge, mwaka 2013, walipima mipango 73: waliochepushwa walirudia kwa wastani wa asilimia 31.5, waliopitishwa njia ya kawaida asilimia 41.3. Hiyo tofauti ya karibu pointi kumi usiimeze nzima. Si tafiti zao zote zilizowagawa vijana kwa kura, na afisa anapochagua mwenyewe huwachepusha wale anaowaona wepesi, ambao wengi wangetulia hata wangeachwa tu. Mwaka 2012 Schwalbe na wenzake walibaki na tafiti za majaribio peke yake, 28, vijana zaidi ya 19,000, na kwa jumla faida ikawa ndogo kiasi cha kutoweza kuithibitisha. Kilichojitokeza ni mipango iliyofanya kazi na familia nzima. Hiyo ilipunguza kweli.

Yupo atakayesema hayo ni ya Marekani. Sawa, mengi ni ya huko. Lakini tazama namna madhara yanavyotokea uone kama ni ya huko tu. Utafiti uitwao Crossroads ulifuata wavulana 1,216 wa California, Pennsylvania na Louisiana kwa miaka mitano tangu kukamatwa kwao kwa mara ya kwanza. Walioshitakiwa walikamatwa tena zaidi, walikuwa na marafiki wahalifu zaidi na wachache wao walimaliza skuli, kuliko wenzao waliofanya makosa ya namna moja wakachepushwa. Huku kwetu njia ni hizohizo. Kesi ikiahirishwa mara tano ni siku tano za skuli, na kwa mtoto wa Micheweni anayefuata kesi Wete ni nauli ya watu wawili kila safari. Shehia ni ndogo, jina la mwizi likishashika halitoki, na mwenye jina hilo hapewi kazi ya kuchuma wala kuanika, tena msimu ukiwa umefika.

Sasa nani apewe nini. Hapa ndipo penye kazi.

Mtoto wa mara ya kwanza, yupo skuli, ana mtu mzima anayemsikiliza nyumbani: mwonye mbele ya mzazi, alipe alichoharibu, mfungie faili. Basi. Usimwongezee semina ya wiki kumi. Kila sharti unalomwekea ni nafasi nyingine ya kushindwa, na akishindwa sharti anarudishwa mahakamani kwa kosa ambalo lenyewe lisingempeleka huko. Mpango unaojaa watoto wa namna hii ni juya: unakokota dagaa wote, halafu unahesabiwa una mafanikio kwa sababu dagaa hawang'ati.

Mpango mzito mwekee yule mwenye mambo mawili matatu juu ya kosa: ameshaacha skuli, ni mara ya tatu, analala popote, anavuta, au wenzake wote ni wakubwa kuliko yeye. Maswali hayo aulizwe peke yake, kisha mzazi peke yake, kisha mwalimu. Majibu yakigongana, hapo ndipo pa kuchimba. Na kwa mtoto huyu kiasi cha msaada kiwe cha kweli. Mpango wa Michigan ulioanza mwaka 1976 ulimpa kila kijana mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, saa 6 hadi 8 kwa wiki, kwa wiki 18, humohumo mtaani kwao. Mkutano mmoja wa mwezi pale ofisini haukaribii hapo.

Makubaliano yaandikwe ukurasa mmoja, kwa maneno ambayo mtoto anaweza kuyasoma kwa sauti. Masharti yasizidi matatu, kila moja na siku yake ya mwisho, na jina la mtu atakayeangalia. "Awe na tabia njema" si sharti, kwani hakuna awezaye kulipima. "Awe nyumbani baada ya Isha, mama yake atie saini kila Ijumaa" ni sharti. Angalia pia saa ambayo makosa yanafanyika. Kwa skuli za mikondo miwili, mtoto wa asubuhi yuko huru tangu adhuhuri, na hapo ndipo watoto wanapoparamia mikarafuu. Kazi ya kujifunza gereji au kushona iwekwe saa hizo. Jumamosi haimsaidii.

Kwenye fidia, watu hugombana kwa sababu hawakusema karafuu gani. Mbichi ikikauka hubaki kama theluthi ya uzito wake. Mwenye shamba anadai kilo kumi kwa bei ya kavu, waliyoshika vijana ni kumi mbichi, na familia inaona imeonewa, makubaliano yanavunjika kabla ya mwezi. Pimeni mbele ya pande zote, andikeni mbichi au kavu, kisha mgawe malipo ambayo kijana mwenyewe anayaweza kwa kazi yake. Baba akilipa yote siku ileile, kijana hajalipa chochote.

Halafu kuna mnunuzi. Mtoto haibi karafuu ale. Mnunuzi halali wa karafuu Zanzibar ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, na mtoto wa miaka 14 hapeleki pishi mbili mbichi kituoni. Kuna mtu mzima anayezipokea, anazichanganya na zake, anazianika. Mpango ukimshughulikia mtoto ukamwacha huyo, msimu ujao atatafuta mtoto mwingine au atamrudia huyuhuyu. Waulizeni vijana, kila mmoja pembeni, ziliuzwa wapi, na jibu lipelekwe polisi bila kutaja lilikotoka.

Makosa ya kuepuka. La kwanza ni kuwaweka wote wanne kikundi kimoja cha nasaha. Vijana wakorofi wakikaa pamoja hufundishana. Mmoja akisimulia alivyoruka ukuta wengine wanacheka, na kicheko ni malipo. Mradi wa Cambridge-Somerville, Massachusetts, ulioanza mwaka 1939, uliwapa wavulana washauri na huduma nyingi. Mtafiti McCord alipowafuatilia wakiwa watu wazima akakuta wamefanya vibaya kuliko waliokosa huduma, khasa waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Kwa hiyo tenganisheni. Katika genge la karafuu mara nyingi mdogo ndiye hupandishwa mtini kwa wepesi wake na mkubwa hubaki chini. Hawastahili mpango mmoja.

La pili ni kuwapeleka Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani, "wakaone". Wazee wengi hulipenda hili. Limepimwa kwa majaribio tisa huko Marekani, na waliotishwa hivyo walifanya makosa zaidi kuliko walioachwa kabisa. Bora kutofanya kitu. Vilevile viboko vya madrasa kama sharti: mwalimu wa madrasa ni msimamizi mzuri sana kwa sababu anamwona mtoto kila siku, lakini ukimpa kazi ya kuadhibu, mtoto anakimbia madrasa, na umempoteza msimamizi.

La tatu, kijana anayetumia unga kumlaza na watu wazima kwenye nyumba ya upataji nafuu ya wanaoacha dawa za kulevya. Anahitaji tiba, ndiyo, lakini akitoka huko na namba za simu kumi mpya umemuunganisha tu.

La nne ni muhali, yaani kuoneana haya. Kuchepusha kesi si suluhu ya ukoo. Kesi ya udhalilishaji wa kijinsia haiingii humu hata kama familia mbili zimeshakula pamoja, na sheha hana mamlaka ya kuifuta kesi yoyote. Faili likishafika kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, uamuzi uko huko. Na mtoto asikubali kosa ili tu arudi nyumbani. Aulizwe mbele ya mzazi au afisa, aambiwe wazi kwamba anaweza kukataa, na akikataa kesi yake isikilizwe kwenye Mahakama ya Watoto kama Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inavyotaka. Tatizo la wengi ni kwamba sheria hiyo, iliyopata tuzo ya dhahabu ya Future Policy Award mwaka 2015, wanaisikia kwenye hotuba tu.

Sasa mtajuaje kama wanne hawa wametulia? Ukihesabu miezi sita baada ya msimu, utapata sifuri kwa sababu mitini hakuna kitu. Mkarafuu wenyewe hauzai sawa kila mwaka. Ukifuata mwaka mmoja na ukawa mwaka mbaya wa mavuno, utasifu mpango kwa kazi iliyofanywa na mti. Fuateni misimu miwili, ikiwezekana mitatu.

Kingine ni majina. Ali Juma Ali wako wangapi Wete pekee? Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi hutolewa mtu akifika miaka 18, kwa hiyo mtoto hana kitambulisho hicho, na kituo kimoja cha polisi hakijui cha pili. Andikeni namba ya cheti cha kuzaliwa, jina la mama na shehia. Bila hayo, aliyekamatwa tena Chake anaonekana ni mtu mwingine, na asilimia yenu inapendeza bure. Pia aliyepelekwa kwa kaka yake Unguja au Dar es Salaam si aliyetulia. Aandikwe "amehama", asiingizwe upande wowote wa hesabu, na nduguye apigiwe simu kila baada ya miezi mitatu. Wengi hupokea, na husema kweli kuliko mzazi.

Daftari hilo asilishike sheha peke yake. Akibadilishwa, linapotea. Nakala moja ikae kwa afisa ustawi wa wilaya, ndani ya kabati yenye ufunguo, maana orodha ya watoto walioiba ikizagaa mtaani mtakuwa mmewatangaza wenyewe bila mahakama.