Re: Taa za mezani kutoka Marekani, zitawaka Dar?

Dada, usiziuze hizo taa zako tatu za mezani. Umeuliza kama utahitaji transfoma ukihamia huku. Kwa taa ya kawaida, yenye holda, waya na swichi tu, huhitaji.

Kinachoungua ni balbu. Ya Marekani ni ya volti 120, umeme wetu ni 230, kwa hiyo ukiichomeka itapasuka au kuungua papo hapo. Balbu ziache hukohuko zote. Kariakoo utapata balbu za LED za volti 230, ila taja kwamba unataka za kuzungusha, maana za pini nazo zimejaa. Holda yako ni ya saizi E26, balbu za huku ni E27, tofauti ya milimita moja tu ya upana. Kwa kawaida zinaingia vizuri. Soma tu maandishi kwenye holda na swichi: ukikuta 250V, sawa.

Plagi mwachie fundi umeme akufungie ya pini tatu, na kama taa ni ya chuma aongeze waya wa ethi. Hapo usibane pesa, tafadhali, hasa kama una watoto.

Taa za kuwasha kwa kugusa au za kupunguza mwanga, hizo mgawie jirani.