Kompyuta ilihamishwa, sasa inajiwasha upya: Windows haihusiki

SWALI: Ndugu fundi, wiki iliyopita nilihamisha kompyuta yangu ya mezani kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Tangu hapo inajizima na kujiwasha yenyewe, mara baada ya dakika 10, mara nikiwa ndiyo kwanza nimekaa. Kuna jamaa ameifungua akapuliza vumbi, haikusaidia. Sasa anasema ni virusi, nipige Windows upya. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu. Kabla ya kuihamisha ulikuwa na Windows hiyohiyo na faili hizohizo, na mashine ilikuwa inapiga kazi. Kilichobadilika ni kwamba imebebwa. Windows haimwagiki kasha likiinamishwa.

Kwanza irudishe kwenye soketi ya zamani, bila ekstensheni, uone kama itatulia. Isipotulia, iwashe ukibonyeza Del au F2 uingie BIOS, ile menyu ya mipangilio inayotangulia Windows, kisha iache humo nusu saa. Humo Windows haijaanza kabisa, kwa hiyo ikijiwasha upya, kesi ya virusi imekwisha. Ikitulia, usishangilie bado, maana humo mashine haifanyi kazi nzito. Tazama pia joto la prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote. Likipanda bila kusimama kuelekea nyuzi 90, kipozaji kimeachia.

Hicho kipozaji, kile chuma chenye feni, mara nyingi hushikwa na pini 4 za plastiki. Nimekuta mashine ambayo pini tatu zimeshika, ya nne inaning'inia. Feni inazunguka vizuri, ukiitazama huoni kosa. Ukigusa chuma, kinacheza. Hapo usikibane tu. Kivue, futa ile krimu ya kupitisha joto, paka mpya, ndipo ukirudishe.

Kama joto liko sawa, zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kasha. Chomoa RAM, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu, uzirudishe hadi vishikizo vilie. Sukuma waya mpana wa pini 24 na ule mdogo wa pini 4 au 8 ulio karibu na prosesa. Huo mdogo ndio watu huusahau. Kadi ya grafiki kama ni nzito, huenda imelala upande mmoja na kutoka kidogo kwenye tundu lake. Inua kasha, litikise taratibu, usikilize kama kuna skrubu inayotembea ndani. Mwisho chomoa kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa wa ndani, waya wa kitufe cha kuwashia upya. Ikitulia, kitufe kilikwama.

Jamaa yako huenda akakufungulia orodha ya matukio ya Windows akuonyeshe kosa la Kernel-Power 41 kama ushahidi. Hilo linasema tu kwamba mashine ilikatika bila kuzimwa kwa utaratibu. Ni taarifa ya msiba, haitaji ugonjwa.

Hawa mafundi wa kufomati, yaani kufuta diski na kupiga Windows upya, wamenichosha. Kila kitu kwao ni virusi: mashine ikichelewa, piga Windows, ikipiga kelele, piga Windows. Mashine ambayo RAM imelegea inaweza kukatika katikati ya kazi hiyohiyo, ukabaki bila Windows, bila picha zako, na tatizo liko palepale. Kinachoniudhi zaidi ni pale inapopona. Fundi aliifungua kupuliza vumbi, mkono wake ukasukuma RAM ikakaa bila yeye kujua, halafu akafomati. Sifa zote zikaenda kwa Windows. Mwenye mashine anaondoka ameamini, na siku akihama tena anaiomba dawa ileile. Nimeletewa mashine ya aina hiyo imepigwa Windows mara tatu. Niliurudisha waya mmoja.

Kwa hiyo anayetaka kufomati kabla hajafungua kasha wala kupima joto, mwambie akusubiri. Wewe leo nakili faili zako kwenye diski ya nje, kwa sababu mashine inayokatika katikati ya kuandika huharibu faili. Ukishakagua yote na bado inajiwasha, azima pawasaplai nyingine, kile kisanduku cha ndani kinacholisha mashine umeme, uijaribu kabla ya kununua chochote.