Jinsi uchunguzi wa ulimwengu unavyokuwa sayansi

Ndugu, umeuliza vipi uchunguzi wa ulimwengu uitwe sayansi ilhali hakuna awezaye kuiweka nyota juu ya meza ya maabara. Jaribio la maabara ni njia moja tu ya kuyahoji maumbile. La msingi ni kutabiri jambo linaloweza kupimwa, na kuwa tayari kushindwa na kipimo hicho. Mwaka 1948 wanafizikia Ralph Alpher na Robert Herman walikokotoa kwamba, ikiwa ulimwengu ulianza ukiwa na joto kali kisha ukatanuka, mabaki ya joto hilo yangali yameenea angani kote, yakiwa na nyuzi 5 hivi za Kelvin (kipimo cha joto kinachoanza kuhesabu kwenye baridi kali kuliko zote). Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, ambao wala hawakuwa wakiyatafuta, walinasa mvumo wa redio usiokoma katika antena yao huko Holmdel, New Jersey, Marekani; wakaushuku mtambo, wakakagua viungo vyake, wakawaondoa hata njiwa waliojenga kiota ndani na kusugua kinyesi chao (kazi ambayo wanaoisifia sayansi huisahau), lakini mvumo ukabaki vilevile kila upande wa anga: ndio mabaki ya joto yaliyotabiriwa. Baadaye setilaiti ya COBE, iliyorushwa mwaka 1989, ilipima joto hilo na kupata takriban nyuzi 2.73. Makadirio ya awali hayakulenga barabara, ila nadharia pinzani, iliyodai kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo, ilikosa maelezo ya kuridhisha kuhusu mvumo huo, na wanasayansi wengi wakaiacha.