Jambia la Tutankhamun: walijuaje ni chuma cha kimondo?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, wilayani Mbozi. Wanafunzi wangu wamesoma kwamba farao Tutankhamun alizikwa na jambia la chuma kilichoanguka kutoka angani. Mmoja akaniuliza wamejuaje bila kulikata, nikakosa la kumwambia. Halafu, mbona halikuliwa na kutu kwa miaka 3,300? Na vile vipande vyeusi, vizito, ambavyo watoto huokota mashambani na kuniletea wakisema ni vitoto vya kimondo, ni kweli?

JIBU: Mwalimu, umeniuliza ukiwa jirani wa Kimondo cha Mbozi, kwa hiyo nusu ya jibu unayo hapo hapo wilayani kwako. Nusu nyingine iko Misri.

Kaburi lilifunguka Novemba 1922, lakini jambia halikuonekana siku hizo. Howard Carter, mwanaakiolojia Mwingereza aliyeligundua kaburi hilo, alilikuta mwaka 1925 alipofungua sanda za maiti yenyewe: lilikuwa limelazwa kwenye paja la kulia, ndani ya ala ya dhahabu, mpini nao wa dhahabu. Kulikuwa na jambia la pili, bapa lake dhahabu tupu. Leo tungesema hilo la dhahabu ndilo la thamani. Enzi ile mambo yalikuwa kinyume. Dhahabu Misri ilikuwapo, chuma kilikuwa adimu kupita kiasi, kwa sababu ufundi wa kuyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuri ulikuwa haujaenea.

Sasa swali la mwanafunzi wako. Kinachotafutwa ni metali iitwayo nikeli. Dunia ilipokuwa bado imeyeyuka, chuma kingi kilizama kuelekea kiini chake na kufuatana na nikeli, kwa hiyo mawe ya chuma tunayochimba huku juu kwa kawaida yana nikeli kidogo sana. Vimondo vya chuma ni masalia ya viini vya magimba madogo ya angani yaliyogongana na kuvunjika, kwa hiyo nikeli yao wamebaki nayo. Mara nyingi inaanzia asilimia 5 kwenda juu. Hicho cha kwenu kina asilimia 8 na ushee.

Kuipima nikeli hakuhitaji msumeno. Unaelekeza eksirei kwenye chuma. Inang'oa elektroni ya tabaka la ndani la atomu, elektroni ya tabaka la nje inashuka kuziba pengo, na katika kushuka inatoa eksirei yake yenyewe. Nishati ya eksirei hiyo hutofautiana kati ya elementi na elementi: ya nikeli haifanani na ya chuma wala ya kobalti, metali nyingine inayoandamana na nikeli. Kifaa kinahesabu zimetoka ngapi za kila aina. Hili unaweza kulifundisha kidato cha nne bila shida.

Watafiti wa Italia na Misri walifanya hivyo, wakatoa matokeo mwaka 2016: nikeli asilimia 10.8, kobalti asilimia 0.58. Naipenda zaidi ile namba ya pili. Yapo mawe machache ya hapa duniani yenye nikeli ya kutosha kumdanganya mpimaji, lakini uwiano wa nikeli na kobalti kwa pamoja ni mgumu kuigiza, na huu ulilingana na wa vimondo.

Usiwaambie wanafunzi kwamba kifaa hakikosei. Vipimo vya mwaka 1994 vilitoa nikeli asilimia 2.8 tu, na wapo walioanza kusema jambia si la kimondo. Eksirei hizi zinasoma ngozi ya juu peke yake, na vifaa vya zamani havikuwa na makali ya kutenganisha vizuri elementi zinazokaribiana. Ndiyo maana timu ya 2016 ilipima pia vimondo ambavyo muundo wake ulishajulikana, ili kujua kifaa kinasema kweli.

Mwaka 2022 watafiti wa Japani walichora ramani ya nikeli juu ya bapa zima, wakakuta mistari inayokatana, ile ambayo hujitokeza chuma cha kimondo kinapopoa polepole mno kwa mamilioni ya miaka angani. Moto mkali ungeifuta. Kumbe muhunzi hakuliyeyusha; alilipasha moto usiofika nyuzi 950 hivi, akaligonga taratibu. Nani huyo? Hao hao waliona dalili kwamba mapambo ya mpini yalishikizwa kwa chokaa, wakati mafundi wa Misri wa enzi hiyo walizoea jasi. Nayo barua ya mfalme Tushratta wa Mitanni, ufalme wa kale kaskazini mwa Siria, kwa farao Amenhotep wa Tatu, anayehesabiwa kuwa babu yake Tutankhamun, inaorodhesha jambia la chuma kati ya zawadi za harusi. Je, ni hili hili? Mimi nasema inawezekana sana, ila barua haina picha.

Kuhusu kutu, usitafute muujiza. Kaburi kavu, bapa ndani ya ala, nikeli nayo inasaidia. Hata hivyo lina madoa machache.

Vile vipande vya watoto, nina hakika karibu vyote ni mavi ya chuma, yaani takataka zinazobaki mawe ya chuma yanapoyeyushwa kwenye tanuri. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wafua chuma hodari, na jirani zao Wafipa walijenga matanuri marefu kuliko mtu. Sumaku haitakusaidia, maana mavi ya chuma nayo yanaweza kunasa. Tazama vitundu: kipande chenye matundu ya mapovu, kama mkate uliochachuka, kimetoka kwenye tanuri. Chuma cha kimondo hakina mapovu. Kipande kisicho na matundu na kizito kupita kawaida ndicho cha kuweka kando bila kukikwangua wala kukikata, na uandike kilikookotwa. Vile vingine usivitupe pia: waulize watoto ni shamba gani, maana penye mavi mengi ya chuma pana uwezekano wa kuwapo kitako cha tanuri la mababu zao, na hapo asichimbe mtu mpaka Idara ya Mambo ya Kale ipewe taarifa.