Guangzhou hadi Yiwu: usipange siku kwa saa mbili za kwenye tiketi

Wafanyabiashara wenzangu wakiniuliza kuhusu Yiwu, mji wa China wenye soko kubwa la jumla, swali la kwanza ni hilohilo: kutoka Guangzhou ndege inachukua muda gani? Kama saa mbili. Ila ukipanga ratiba yako kwa hizo saa mbili, unaweza kupoteza siku nzima ya soko, na siku moja China ni hela nyingi: hoteli, chakula, mkalimani.

Viwanja vya ndege vya Baiyun (wa Guangzhou) na Yiwu vimeachana kama kilomita 940 kwa mstari ulionyooka. Ndege ikishapaa, umbali huo ni wa saa moja na robo hivi. Muda uliobaki unaishia kwenye kutembea ardhini, kungoja zamu ya kuruka, kupanda na kushuka. Sasa ongeza yasiyoandikwa kwenye tiketi. Waafrika wengi tunafikia Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, na kutoka pale hadi Baiyun kwa metro tenga saa nzima. Fika uwanjani saa mbili kabla. Ukishatua, subiri begi, tafuta teksi, nenda hotelini. Jumla ni saa sita.

Treni ya kasi kutoka stesheni ya Guangzhou Kusini huchukua saa sita, saba, au zaidi kidogo. Ukihesabu mlango kwa mlango, ndege inakuokolea saa mbili tatu tu. Na kuanzia Juni hadi Septemba, msimu wa radi na vimbunga kule kusini, ucheleweshaji mmoja unazimeza zote. Miezi hiyo mimi napanda treni.

Ukiamua ndege, chukua ya jioni. Soko la Futian, lile kubwa la Yiwu, hufungwa kama saa kumi na moja jioni, na lina vibanda takriban 75,000, kwa hiyo ukitua saa nane mchana utaambulia korido mbili tatu. Tua usiku, lala, asubuhi uwe mlangoni wakifungua.

Kuna jambo linalowaumiza wengi: mzigo. Tiketi ya kutoka Dar au Nairobi mara nyingi inakuruhusu mabegi mawili ya kilo 23. Safari ya ndani ya China, daraja la kawaida, kwa kawaida ni kilo 20, basi. Mtu amejaza sampuli za viatu Guangzhou, anafika kaunta anaambiwa alipie kilo za ziada, foleni nyuma yake inanung'unika. Sampuli nzito mkabidhi ajenti wako azitume kwa lori. Kwenye treni, binafsi sijawahi kupimiwa begi.

Angalia na pawabenki yako. Tangu tarehe 28 Juni 2025, ndege za ndani za China hazipokei pawabenki isiyo na alama ya CCC (cheti cha usalama cha China) iliyochapishwa wazi kwenye mwili wake. Nyingi tunazonunua huku nyumbani hazina. Utaiacha pale kwenye ukaguzi, hata iwe mpya. Yenye alama nayo ibebe mkononi, isiingie kwenye begi la chini.

Tiketi ya Yiwu ikikosekana, tafuta ya Hangzhou. Pale uwanjani kuna metro hadi stesheni ya Hangzhou Mashariki, kisha treni ya kasi inakufikisha Yiwu kwa dakika kama 40. Kati ya muda wa kutua na treni utakayokata, acha saa mbili na nusu.