Kabla hujailaumu GDB, uliza moduli imekaa wapi

Wengi mnaoanza kazi ya moduli za kerneli ya Linux (vipande vya kodi vinavyopakiwa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo) mnakwama pale pale. Unaweka brekipointi (alama ya kusimamisha kodi) kwenye funksheni yako, GDB, programu ya kusakia makosa ya kodi, inajibu kuwa haiijui, au inaipokea kama ya kusubiri, halafu haisimami kamwe. Faili la `.ko`, yaani moduli iliyokompailiwa, halina anwani maalumu. Kerneli ndiyo huipangia nafasi wakati wa `insmod` (amri ya kupakia moduli), na ukiitoa moduli ukairudisha, huenda ikakaa kwingine. GDB iliyopewa `vmlinux` (faili la kerneli yenyewe) peke yake haina habari na yote hayo.

Jifunzie kwenye mashine pepe. QEMU, programu ya kuendeshea mashine pepe, ikiwashwa na `-s` husikiliza poti 1234, nawe unaunganisha kwa `target remote :1234`. Ongeza `nokaslr` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli, la sivyo hata kerneli yenyewe itahamahama kila ikiwaka. Kgdb, njia ya kutumia GDB kwenye kerneli ya mashine halisi, imo ndani ya Linux tangu toleo 2.6.26 la mwaka 2008, ila iacheni kwanza.

Anwani ya sehemu ya kodi (`.text`) utaipata ndani ya mashine pepe, ukiwa root, kwa `cat /sys/module/jina/sections/.text`, `jina` likiwa jina la moduli yako; za vigeu (`.data` na `.bss`) zimo kwenye saraka hiyo hiyo. Faili hizo huanza na nukta, kwa hiyo `ls` tupu haitakuonyesha. Tumia `ls -a`. Kisha kwenye GDB:

`add-symbol-file jina.ko ANWANI_YA_TEXT -s .data ANWANI_YA_DATA -s .bss ANWANI_YA_BSS`

Ukiruka hizo `-s`, brekipointi zitafanya kazi vizuri tu, lakini vigeu vya `static` vitaonyesha takataka, na utahangaika kutafuta kosa ambalo halimo kwenye kodi. Ipo amri ya `lx-symbols`, ukiwasha `CONFIG_GDB_SCRIPTS`, inayofanya yote haya yenyewe. Mimi nashauri ufanye kwa mkono kwanza, ili siku ikigoma ujue pa kuangalia.

Funksheni ya kuanzishia moduli ina kisa chake. Ikiwa na alama ya `__init`, kumbukumbu yake huachiliwa ikishamaliza kazi, kwa hiyo ukisubiri kusoma `/sys` umechelewa. Simamisha kwenye `do_init_module`, hakikisha kwa `print mod->name` kwamba ni moduli yako, kisha `hbreak *mod->init` na `continue`. Ifute brekipointi hiyo ya maunzi baada ya hapo. Prosesa za x86 zina nafasi 4 tu za brekipointi za maunzi.

Na mtakutana sana na `<optimized out>`. Maana yake kompaila imeboresha kodi hadi thamani ya kigeu haipatikani tena. Kerneli haikompailiki bila uboreshaji, basi zoeeni rejista (nafasi ndogo za kuhifadhia thamani ndani ya prosesa). Kwa x86-64, `break *jina_read`, pamoja na hiyo nyota, husimama kwenye agizo la kwanza kabisa la funksheni, wakati hoja ya kwanza ingali ndani ya rejista ya RDI: `print *(struct file *)$rdi`.